Simu Inayosema Kipemba

"Irudishe ilivyotoka kiwandani, sasa hivi," Zuweina alimwambia binti yake. "Simu hii ni ya ofisi. Kesho inakaguliwa, wakiona ulivyoichokonoa, kazi sina."

Binti alikuwa ameshafika pa kufutia, akasita. "Mama, maneno yangu yote ya Kipemba yatapotea."

"Maneno gani? Umeharibu simu ya watu, basi."

"Hujayasoma hata moja."

Zuweina akamnyang'anya. Kioo kilikuwa na alama ya kidole chenye unga wa muhogo. Chini yake, pale simu nyingine zinapouliza kama una hakika, hii iliuliza: *Wafuta kweli weye, au hasira tu?*

Palikuwa na vitufe viwili, *Kweli* na *Hasira tu*. Akabonyeza *Hasira tu*, apate kuona mengine. Kwenye betri palikuwa pameandikwa: *Nafa njaa mie, nitie chaji.*

"Na mtandao ukikatika, yasemaje?"

"'Huko hawanisikii.'"

Zuweina alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akachomoa simu yake mwenyewe mkobani, akamkabidhi.

"Yahamishie humu kwanza. Yote."

Yalipokwisha kuhamia, akaishika ile ya ofisi, akarudi pa kufutia, akabonyeza *Kweli*.