Koti Jeupe Sandukuni

Siku ya kugawa nguo za marehemu, Rukia alikuta chini kabisa ya sanduku la mumewe koti jeupe la muuguzi, halijavaliwa hata mara moja.

"Aliniambia aliacha chuo cha uuguzi kwa kuogopa damu," alimwambia shemeji yake, Mahfudhi.

Mahfudhi akacheka kidogo. "Damu, shemeji? Kaka aliyechinja ng'ombe miaka thelathini? Mimi aliniambia anaahirisha mwaka mmoja tu."

"Mwaka upi?"

"Ule aliokuoa."

Rukia hakujua aamini neno lipi kati ya mawili ya mtu mmoja, wala kama sababu ilikuwa yeye. Akalilaza koti mapajani, akaanza kufunga vifungo vyake kimoja kimoja hadi shingoni, kama anayemvalisha mtu aliyechelewa kazini.