Mwendo wa Dada

Siku hizi goti jipya la bandia hujifunza kutembea kwa kunakili mwendo wa ndugu. Chelagat alipokatika kano ya goti akichuma chai, dada yake Jeptoo alijitolea kumwazima mwendo wake kabla ya upasuaji wa kuwekewa goti hilo.

Baada ya miezi mitatu Chelagat aliacha magongo, akaingia jikoni kwa mama yao, ambaye haoni.

"Jeptoo, umekuja?" mama aliuliza.

"Ni mimi, Mama. Chelagat."

Mama alitega sikio. "Hebu zunguka meza, nisikie."

Chelagat alizunguka mara tatu bila maumivu hata kidogo, akicheka huku machozi yakimtoka. Mama naye akacheka.

"Nitakuzoea," alisema. "Lakini mwanangu, ukiingia uwe unataja jina."