Huzuni ya Mama kwa Muhula Mmoja

Kila anayesomea shahada ya saikolojia hubeba huzuni ya mtu mmoja kwa muhula mzima, kisha humrudishia. Asiyerudisha hahitimu. Mimi, niliyewahi kutia pilipili kwenye uji wa viranja wa bweni, niliapa kwa unyenyekevu mkubwa kuwa mwanasaikolojia, nikachagua huzuni ya mama. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mashine ya chuo ilinihamishia huzuni hiyo bila maumivu. Maumivu yalikuja nilipoona kandambili za baba mlangoni. Mama alimpa jirani kandambili hizo huku akipiga mluzi.

Nilivumilia. Nililia kwenye mihadhara, nikalia kwenye foleni ya ugali, nikafaulu. Jana nikarudi nyumbani na mashine mkobani.

"Nsajigwa, umekonda! Huko wanawalisha vitabu?"

"Mama, muhula umekwisha. Kesho nakurudishia huzuni yako."

Akakoroga mchuzi. "Siku ya mazishi mjomba wako alivaa viatu viwili tofauti," akasema, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanitazama. "Kaa nayo, mwanangu. Wewe kijana, una mabega."

"Nitakosa shahada, mama."

"Kwani uhasibu una ubaya gani?"

Nikamwambia nitaisoma saikolojia mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi nitamrudishia huzuni yake, atake asitake. Mama alichota firigisi ya kuku, kipande ambacho nyumbani kwetu hakikuwahi kuliwa na mtu mwingine ila baba, akaiweka juu ya wali wangu, akakaa kungoja niile.