Kona ya Bi Kobe

Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, saa mbili asubuhi, Nyati aliifunga kwa miiba njia ya zamani iendayo mtoni. Njia hiyo ilikanyagwa na tembo wa kale, na wanyama wakajenga kandokando yake. Penye kona alizikwa mke wa Kobe, na kila mpita njia huweka jiwe kaburini.

"Hama, Mzee Kobe," alisema Nyati. "Njia yangu mpya imenyooka. Hii yenu imepinda kama utumbo."

"Tembo hakuwa mlevi, bwana. Alipinda kwa sababu. Sihami."

"Nitakukanyaga."

"Nikanyage. Kaburi langu liko papa hapa, kando ya mke wangu."

Masika yakaja. Njia iliyonyooka ikawa kinamasi, na Nyati akazama hadi kifuani. Nyani walipomtoa, hakubakiwa na pa kupita ila kwenye ile kona, juu ya mwamba. Akaing'oa miiba yake mwenyewe.

Kobe hakumcheka. Alimsukumia jiwe.

"Weka kama wenzako, kisha upite."

Nyati akaliweka.

Mola amrehemu Bi Kobe, na wote waliotutangulia katika njia hii. Amina.