Mgeni Rasmi wa Mtaroni

Kuku mwenye vifaranga saba alikuwa na kiota kando ya mtaro ulioziba kwa taka. Masika yalipokaribia, alimwendea Kobe, mwenyekiti wa mtaa.

“Mwenyekiti, mvua ikinyesha, maji yatanibebea watoto.”

“Mama Vifaranga, kuna utaratibu,” alisema Kobe. “Jumamosi tutakutana hapo hapo mtaroni. Mgeni rasmi ni diwani wetu, Mheshimiwa Tausi.”

Jumamosi wanyama walikaa kumngoja Tausi tangu asubuhi. Kila Kuku alipouliza, Kobe alijibu, “Yuko njiani.” Basi Kuku, ambaye hajui kukaa bure, akaanza kuchakura. Vifaranga nao wakachakura nyuma yake, na kufikia alasiri mtaro wote ulikuwa wazi.

Ndipo Tausi akatokea, akatandaza mkia na kukata utepe kwa mdomo. “Serikali yenu imesikia kilio chenu!” Wanyama wakapiga makofi.

“Kuna mwenye swali?” aliuliza Kobe.

Kuku alisimama, akakung'uta tope miguuni. “Mheshimiwa, sina ugomvi. Naomba kujua tu, utachelewa tena lini? Maana njia ya sokoni nayo imejaa taka.”