Niandike Mtoro

Fergal alipowaona askari wawili kilimani, alimshukuru Mungu akawakimbilia. Alikuwa mfungwa aliyepewa kazi ya kuchunga kondoo wa bwana mmoja mlowezi, na kwa siku nne ukungu wa kisiwa cha Van Diemen ulikuwa umempoteza porini.

"Mtoro wetu huyu," sajini akasema, akimtia pingu.

"Sikutoroka, afande. Nilimfuata mwanakondoo aliyepotea, nikapotea na mimi."

"Bwana wako ameshakuandika mtoro. Neno hilo lina viboko mia, unajua."

Alijua. Aliwahi kumwona mtoro mmoja akifunguliwa kutoka mtini, mgongo wake umechanika mpaka mfupa.

"Nilipotea tu, afande. Naapa kwa mama yangu."

Sajini akamtazama kwa huruma kidogo. "Haya. Mwanakondoo yuko wapi? Nionyeshe, na neno hilo nitalifuta mwenyewe."

Fergal akakunja vidole. Chini ya kucha zake mafuta yalikuwa yameganda, meupe, yamenasa nyuzi za sufu. Juzi njaa ilikuwa imemshinda. Na anayekula kondoo wa bwana hachapwi, hunyongwa.

"Nimekuuliza, yuko wapi?"

"Hakukuwa na mwanakondoo, afande," akasema. "Nilitoroka."