Mikono ya Munyoki

"Bwana, ndara zako zimelika kisigino!" Mwero alipaza sauti akigeuka nyuma, mikono ikizungusha pedali bila kupumzika. "Zangu huu mwaka wa tatu, na bado zina bei ya dukani!"

"Za mtumba," alijibu Munyoki, akainamisha uso.

Walikuwa wameshapita Gazi. Watu kumi na wawili walikuwa wameondoka Ukunda saa tisa alasiri kwa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu za wasioweza kutembea, na hawa wawili ndio waliobaki mbele. Wa kwanza kufika Msambweni angepewa baiskeli mpya. Moja tu.

Mwero, mshona viatu wa Ukunda, ndiye aliyeshinda mwaka uliopita, 1997, na zawadi yake ilikuwa redio. Baiskeli yake ilikuwa imefungwafungwa kwa mipira mpaka haijulikani chuma kiko wapi. Munyoki, mtu wa Kitui, alikuwa mgeni pwani, na baiskeli aliyopanda ilikuwa ya kuazima. Asubuhi, Mbinya, bintiye wa miaka tisa, alisota kwa makalio hadi mlangoni akapafagia mahali pa kuiegesha hiyo mpya. "Leo italala hapa, baba?" Baba akaapa.

Kwenye kilima cha mwisho mpira mmoja wa Mwero ulikatika, gurudumu likaanza kuyumba. Munyoki akampita bila kumtazama.

Saa moja na dakika thelathini na moja! Mshika saa aliitikisa saa yake, akaitazama tena. Mwaka jana Mwero alitumia karibu saa mbili.

"Mikono gani hiyo?" watu walishangilia. "Huko bara mnalishwa saruji?"

Vijana wakaja kumbeba wampeleke kwenye kiti cha mshindi. Munyoki akang'ang'ania usukani. "Niacheni, tafadhali. Nipeni hapa hapa."

Mwero akafika akihema, akajisogeza karibu na kumshika mkono. "Umeniweza, ndugu yangu. Mimi hii yangu nitaishona kama kiatu, nimeshazoea. Wewe panda mpya, ujisikie mtu. Sisi kwa sisi hatuoneani kijicho."

Munyoki aliutazama mkono wa Mwero, umechubuka, na hakuweza kuyainua macho hadi usoni.

Zawadi zilitolewa mbele ya ofisi ya serikali, na hotuba hazikuwa na haraka. Hatimaye baiskeli ikaletwa, inang'aa, na Munyoki akaishika.

Mara kipenga kikalia. Saa kumi na mbili jioni: askari alikuwa akiteremsha bendera. Wapita njia wakaganda. Waliokuwa vitini wakanyanyuka. Kwenye mstari wa baiskeli, watu kumi na mmoja wakatulia walipoketi.

Wa kumi na mbili alikuwa amesimama wima, viganja mapajani, kama alivyofundishwa shuleni.